Mtaalamu wa Mipaka

Jumapili, 20 Oktoba 1974. Nanyati

Idi ilinikuta njiani, lori limekwama mchangani, nikala pilau ya watu nisiowajua. Leo mchana nimefika na sanduku la nguo na furushi la karatasi. Shangazi Kidawa, dada yake marehemu baba, hakuuliza habari za nguo. Aliuliza karatasi za nini. Nikamwambia Chuo Kikuu wamenipa ruhusa hadi Desemba niandike tasnifu yangu ya hisabati.

"Inahusu nini?"

Nilikuwa na njaa na vumbi kichwani, sikuchagua maneno. Nikasema inahusu mipaka: vitu vinavyohamishwa hufanya nini vinapokaribia mpaka. Laiti ningesema inahusu namba.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sijamaliza uji, wazee wawili wamesimama uani. Wanagombea mkorosho uliokaa katikati ya mashamba yao na wamekuja nikaukate mzozo. Kumbe jana jioni shangazi alikwenda kisimani akatangaza: Mboni wa Nassibu amesomea mipaka. Nimewaeleza kwamba mipaka yangu si ya mashamba. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba wasomi hawafungui mdomo bure, na saa kumi akarudi na kuku.

Kuku nimemrudisha. Shangazi amenuna, maana kuku mwenyewe alikuwa mnene.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tumeokota korosho kutwa. Kiuno si changu.

Jumapili, 27 Oktoba

Mwalimu wangu wa Chuo ametaka muhtasari kwa Kiswahili, nami nimeona fahari, nikajifungia na kalamu.

Chukua tufe. Si la udongo, bali la nukta ambazo kila moja hutajwa kwa namba changamano mbili. Kisha chukua kanuni inayoipa kila nukta mahali pengine ndani ya tufe hilohilo. Kanuni hiyo ni laini kabisa, ya aina ambayo ukiijua kwenye kipande kidogo umeijua yote. Hiyo nimeiita uhamisho. Nashughulika na uhamisho wa namna moja tu: kadiri nukta inavyokaribia ukingo, ndivyo na mahali inapopelekwa panavyokaribia ukingo. Aliyekuwa pembezoni hajikuti katikati. Waingereza wana neno lao la uhamisho huo, "proper", lina harufu ya kufaa na kujiheshimu. Nimelihangaikia siku nzima, mwishowe nimeandika "uhamisho wenye adabu", na nimeridhika.

Swali ni hili: je, uhamisho wenye adabu unaweza kulikunja tufe, yaani nukta mbili zipewe mahali pamoja? Kwenye duara, ambako kila nukta hutajwa kwa namba moja tu, unaweza. Zidisha kila namba kwa yenyewe: ukingo unabaki ukingo, lakini namba mbili zinaangukia mahali pamoja, na mkunjo wenyewe umejificha kitovuni, ukingo hauna habari. Kwenye tufe langu nadhani hauwezi. Nikilithibitisha hilo nina tasnifu.

Nilimweleza shangazi tulipokuwa tukichambua korosho. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza anayeamua nani aende wapi ni nani. Nikasema ni kanuni.

"Huyo Kanuni ni mtu wa wapi?"

Nilicheka hadi nikamwaga ungo.

Jumatano, 30 Oktoba

Wamekuja watu wa Operesheni Vijiji. Nanyati yote tunahamia barabarani, upande wa Kiranjeranje, kwenye kijiji kipya kitakachoitwa Umoja. Aliyeongoza ni Ndugu Sebastiani, kijana wa rika langu, amevaa suti ya Chou En-lai iliyopigwa pasi, na anajua kusema. Shule, zahanati, maji karibu, hakuna wa juu wala wa chini. Nilisisimka. Tulisoma kwa jasho la watu hawa, nikawaza, na huyu amerudi kulipa. Pembeni yake alikaa Mzee Likwata, mwenyekiti wa huko barabarani, akisinzia kwenye kigoda mdomo wazi. Nilimdharau kabisa.

Sebastiani alikunjua ramani ya kijiji: duara, kisima katikati, mistari ya viwanja ikitoka kisimani kwenda nje. Akaniuliza, "Ndugu Mboni, nasikia wewe ni mwenzetu. Unaonaje?"

Nikasema duara limechorwa vizuri. Lilikuwa limechorwa vizuri, wala sikusema zaidi ya hapo.

Jumamosi, 2 Novemba



Leo kulikuwa na mkutano wa kugawa viwanja. Nilibaki shambani kwa kuwa mimi si mkazi. Shangazi amerudi anatabasamu kama bibi harusi. "Mwanangu, umenipa heshima. Bwana yule amesimama mbele za watu akasema ramani imepitishwa na mtaalamu wa mipaka kutoka Chuo Kikuu, binti wa hapahapa. Watu walikuwa wananung'unika, wakanyamaza wote."

Walikuwa wananung'unikia nini? Eti viwanja vya pembezoni vinaangukia mbugani, kwenye udongo mweusi unaogeuka uji mvua ikinyesha. Wakanyamaza kwa sababu yangu. Watu wazima walioijua mbuga ile tangu kuzaliwa wamefunga vinywa kwa ajili ya msichana aliyesifia duara.

"Na wewe shangazi, umepewa wapi?"

"Pembezoni. Lakini kama umepima wewe, mimi nina wasiwasi gani?"

Jumatatu, 4 Novemba

Nimekwenda kwa miguu hadi barabarani kumtafuta Sebastiani. Nimemkuta anakunywa chai. Nikamwambia sikupima kitu, sijui kupima, na mbuga ile sijawahi kuikanyaga. Akacheka, tena cheko la kirafiki.

"Ulisema duara zuri. Mwenyekiti alikuwepo."

"Mwenyekiti alikuwa amelala."

"Ndugu Mboni, wananchi wanahitaji imani. Wewe umewapa. Unataka kuwanyang'anya?"

Nimeishi miaka mitano Chuoni na watu wa maneno mazuri na sijapata kutapeliwa kwa neno zuri kama hilo. Nimerudi na jua la utosi, nikiwaza majibu ambayo yangefaa kutoka nikiwa bado nimesimama pale.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumehamishwa. Mgambo walipanda juu ya nyumba ya shangazi wakaanza kushusha nyasi naye yumo ndani anatoa vyungu. Mikorosho imeachwa na matunda yake, mabibo yanaoza chini, harufu imetufuata hadi tulipopandishwa lori. Shangazi alikaa juu ya magunia, ameshika mlango wake aliokataa kuuacha. Mlango mzima, na bawaba zake.

Kigingi chake kipo mwisho kabisa wa mstari, mbugani. Udongo ni mweusi, umepasukapasuka kwa ukavu, unaweza kutia mkono kwenye nyufa. Na pale kigingini tulimkuta mwanamke amekwisha kuweka vitu vyake: Valeria, Mmakonde, mumewe Valentini yuko mashamba ya mkonge Tanga. Huko Nanyati nyumba yake ilikuwa ya mwisho baada ya ya shangazi. Naye anacho kikaratasi, na namba yake ni ileile. Kigingi kimoja, wajane wawili, ingawa mmoja mumewe yu hai.

Nilidhani watagombana. Shangazi akamtazama, akasema, "Mwenzangu, tushike huku na huku, mlango huu mzito."

Nilipokwisha kuwasaidia, nikatembea kijiji kizima, nikiangalia nani kapewa wapi. Waliokuwa karibu na msikiti kule Nanyati wako karibu na kisima hapa. Ukoo wa jumbe wa zamani uko karibu na kisima. Waliokuwa katikati wako katikati. Na pembezoni ni walewale wa pembezoni: wajane, Wamakonde waliokuja juzi, mzee kipofu wa kule bondeni. Hakuna aliyebadilishiwa nafasi hata mmoja. Uhamisho umefanyika barabara, kwa mujibu wa fasili yangu.

Nimefungua muhtasari nikalikata neno "adabu" hadi karatasi ikachanika. Adabu gani hiyo? Nilikaa na kalamu nikaipa heshima kanuni inayomwambia mtu wa pembezoni kwamba popote atakapopelekwa atakuwa pembezoni, na nikajisifu. Mwalimu atafute neno jingine mwenyewe.

Jumanne, 12 Novemba

Joto. Nguzo, fito, udongo. Tunajenga nyumba moja ya milango miwili.

Jumamosi, 16 Novemba

Mkutano wa kijiji. Safari hii nilikwenda, na nikanyoosha mkono.

Nilisema hivi, nakumbuka kila neno: "Mimi ni Mboni binti Nassibu. Sijui mipaka ya mashamba wala ya viwanja. Mipaka ninayoisoma haina udongo, ni ya namba. Ramani hii sikuipima wala sikuipitisha. Na kuna kigingi chenye watu wawili."

Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele. Mtu akauliza, mpaka usio na udongo unazuia mbuzi wa nani? Sikukasirika kwa hilo, swali lilikuwa zuri. Nilichokasirikia ni Sebastiani. Alisimama taratibu, akanipigia makofi.

"Ndugu zangu, mmesikia? Huu ndio unyenyekevu wa msomi wa kijamaa. Amesoma hadi mwisho wa elimu na bado anasema hajui. Tumpigie makofi."

Wakapiga. Shangazi hakupiga. Kuhusu kigingi, Sebastiani akasema ni kosa dogo la karani, kijiji kikikaa sawa litarekebishwa. Mzee Likwata aliulizwa kama ana neno. Akakohoa, akasema hana. Bure kabisa yule mzee.

Jumapili, 17 Novemba

Shangazi hasemi nami. Ameniwekea ugali, akaondoka. Valeria ndiye aliyenieleza: "Umemfanya mwongo mbele za watu, dada. Yeye ndiye aliyesema umesomea mipaka."

Kwa hiyo mwongo ni yeye, mimi ni mnyenyekevu, na mwenye ramani yake ni mkweli. Mungu anipe subira, maana mimi mwenyewe sina.

Jumatano, 20 Novemba

Bado hasemi. Mawingu upande wa Kipatimu, kisha yakaondoka.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo mambo mawili, na la pili limetoka kwenye la kwanza.

La kwanza. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia nikiutafuta mkunjo. Tuseme uhamisho wangu unalikunja tufe mahali fulani. Mahali pa mkunjo ni pale ambapo hesabu fulani inakuwa sifuri. Na sifuri za hesabu ya aina hii, ukiwa na namba changamano mbili au zaidi, hazikai peke yake kama nukta moja kitovuni. Hutambaa, hutambaa, haziwezi kuishia ndani. Lazima zitoke hadi ukingoni. Kwa hiyo kama ndani kuna mkunjo, ukingo utauona. Na ukingo wa tufe langu, ikiwa kanuni ni laini hadi pale, umevimba kiasi kwamba haukubali mkunjo hata kidogo. Basi hata ndani haupo. Basi kila nukta ina mahali pake na hakuna mbili zinazogawana.

Nimeandika kurasa nne bila kufuta. Limebaki sharti lile la "ikiwa ni laini hadi ukingoni", ambalo nimeshindwa kuliondoa, na nitalitaja waziwazi wala sitalificha. Lakini ninayo tasnifu. Nilinyanyua kichwa kutafuta wa kumwambia, nikamwona shangazi na Valeria wanakandika ukuta mmoja, kila mtu upande wake.

Nukta mbili mahali pamoja, tena ukingoni.

Hapo nikasimama. Kijiji si tufe na Sebastiani si kanuni laini, najua, sikusoma hisabati ili niwe mpiga ramli. Lakini kichwa changu kilikuwa bado kinakwenda njia ile: kosa likionekana ukingoni, lifuate ndani. Nikaanza kwa jirani wetu wa upande wa kisima. "Baba, siku ya kugawa ulionyeshwa kigingi kipi?" Akaonyesha cha mbele yake. Walimsogeza nyuma asubuhi ya kuhamia, wakampa kikaratasi kipya. Nikaenda kwa aliyemfuata. Naye alisogezwa nyuma. Na wa mbele yake. Mstari mzima, kutoka kisimani hadi mbugani, kila nyumba imerudishwa nyuma kigingi kimoja, na kila mmoja alidhani ni yeye tu. Wa mwisho hakuwa na pa kurudi ila juu ya mwenzake.

Mwanzo wa mstari, hatua chache kutoka kisimani, kuna kiwanja kimezungushiwa kamba, kipana, cha kutosha nyumba mbili. Udongo mwekundu, mkavu, mzuri. Kuna kibao: AKIBA YA WAGENI. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akichota maji ni wageni gani. Akasema wakubwa wakija kukagua, watajengewa pa kupumzikia. Anayesimamia ni Ndugu Sebastiani, na hadi wakubwa waje, atapumzikia yeye.

Nilirudi nikamweleza shangazi yote, ingawa hakuwa akisema nami. Alipomaliza kukandika akanawa mikono.

"Kumbe unajua mipaka," akasema.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua imenyesha tangu jana. Udongo mweusi umefanya ulichosemwa utafanya. Ukuta wa upande wa Valeria umekaa chini polepole, bila kelele, na wa kwetu ukaufuata. Choo kimejaa juu. Mzee kipofu amebebwa mgongoni. Magunia mawili ya mtama yamelowa, ndicho chakula chetu hadi mavuno. Sebastiani amepita barabarani ndani ya Landrova, akashusha kioo, akasema tuwe na moyo, mwanzo ni mgumu kila mahali.

Moyo tunao. Ardhi ndiyo hatuna.

Jumapili, 1 Desemba

Asubuhi, mvua ilipopumzika, shangazi aling'oa mlango wake kwenye lile tope, akajitwisha. Valeria akabeba nguzo. Hawakuniambia wanakwenda wapi. Nilibeba vyungu nikafuata. Walipita kijiji chote katikati ya mstari, watu wakitoka milangoni, hadi kwenye kiwanja cha kamba. Shangazi akainama akapita chini ya kamba, akausimamisha mlango wake kwenye udongo mwekundu.

Mgambo wawili wakaja mbio. Nyuma yao Sebastiani, hajafunga vifungo vya suti. "Mama, hapa ni pa wageni. Kibao hukioni?"

"Sisomi, baba. Kinasemaje?"

"Akiba ya wageni."

"Basi nimefika," akasema shangazi. "Mimi nimeletwa hapa mwezi uliopita kwa lori, sijui mtu, sina nyumba. Mgeni ni nani kama si mimi?"

Watu wakaguna. Sebastiani akamgeukia Mzee Likwata aliyekuwa amesimama na mwavuli wenye tundu. "Mwenyekiti, waamuru watoke."

Nilijua atakohoa. Akakohoa. Kisha akasema, pole pole, akiangalia chini:

"Mimi nimezaliwa hapa. Baba yangu ndiye aliyekichimba kisima hicho. Mwenyeji wa hapa ni mimi. Hawa ni wageni wangu, na mgeni wangu silazi kwenye maji. Ulipotaka kugawa viwanja nilikuambia mbuga inajaa, ukaniambia mtaalamu amepitisha. Nikanyamaza, nikadhani elimu inajua la mvua. Juzi binti mwenyewe amesema hakupitisha, nami nikanyamaza tena, kwa aibu. Leo siwezi."

Akawapita mgambo, akashika nguzo ya Valeria upande wa pili. Na mimi nilimwita bure kabisa kwa wino wangu mwenyewe, ukurasa wa juu hapo. Nauacha usomeke.

Jumatano, 4 Desemba

Nyumba mbili zimesimama, kila mtu na yake. Nimepewa kazi ya kukanyaga udongo, miguu imekuwa myekundu hadi magotini. Tasnifu imefungwa kwenye nailoni.

Jumanne, 10 Desemba

Kesho naondoka. Na leo, baada ya yote, wakubwa wamekuja kweli.

Magari matatu. Sebastiani ametembea mbele yao na fimbo. Akawaleta moja kwa moja kwenye mlango wa shangazi, akaugonga kwa fimbo yake, akasema kwa sauti ya mkutano: "Na hapa, ndugu viongozi, tuliamua tangu mwanzo kwamba katikati ya kijiji, karibu na maji, wakae wajane na wasio na uwezo. Wa mwisho wawe wa kwanza." Wakubwa wakaandika. Mmoja akampa mkono.

Nilifungua mdomo. Shangazi akanikanyaga mguu, kwa kisigino, na akawakaribisha wageni maji ya kunywa. Akasema, "Ndiyo baba, ni huyu bwana aliyetuweka hapa. Mungu amzidishie."

Walipoondoka nililipuka. Nilisema mtu yule aliwatia matopeni, ametumia jina langu kuwatia matopeni, na sasa anasifiwa kwa kuwatoa. Kule mbugani bado kuna nyumba zinazolala majini, wala gari halikufika huko. Ni uwongo mtupu, na yeye shangazi ameutia muhuri kwa kinywa chake. Nilipiga kelele hadi Valeria akaja kuchungulia.

Shangazi alikuwa anapepeta mtama uliolowa, akitenga ulioota ukungu. Alinisubiri nimalize.

"Mboni, mwanangu. Amesema mbele ya wakubwa zake kwamba yeye ndiye aliyeniweka hapa. Nao wameandika. Sasa niambie, atanitoaje?"



"Na wale wa mbugani?" nikauliza.

"Kiwanja cha mpira bado ni kitupu," akasema. "Likwata amekwenda kukipima. Wewe kaza kamba za mzigo wako, lori halimngoji mtu mwenye hasira."

Nimekaza kamba. Hasira imebaki vilevile.